Dereva wa basi aliyesimamisha mbio za magari kwa kanga

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, Generosa Kokushubira anapitisha basi jekundu la ghorofa mbili kando ya soko la Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Kushoto kwake limeegeshwa gari la mboga. Kulia anapepesuka mwendesha baiskeli. Nafasi iliyobaki kati ya kioo cha basi na gari la mboga inatosha kuingiza ganda la karanga, na hilo ganda liwe jembamba.

Basi linapita. Mwenye gari la mboga anatoa neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Generosa anatazama mbele, uso mkavu, anaelekea kituo kinachofuata.

"Mimi nalipwa kwa kutogusa," anaeleza baadaye, kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, akipuliza chai. "Miaka kumi na mbili sijagusa gari, sijagusa ukingo wa barabara, sijagusa hata paka. Natukanwa, nakaa kimya. Napigiwa honi, nakaa kimya. Sasa ikifika Jumapili, mwandishi, mimi nataka kuona watu wakigusana."

Ndani ya mkoba wake kuna kanga nyekundu, imekunjwa vizuri kama ya kwendea harusini. Kanga hiyo ndiyo iliyomponza. Kesho ataitwa mbele ya kamati ya uwanja wa Crayfold, pembezoni mwa jiji, ambako magari huzunguka njia ya udongo yakisukumana kwa makusudi, na anayemsukuma mwenzake mpaka ukutani hupigiwa makofi. Amefungiwa; kamati ikikataa kumrudisha, hataingia tena pale.

Kwa wengine hilo ni jambo la kupuuza. Kwa mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, ni jambo zito.

"Kila mtu ana mahali pake pa kupumulia," anasema. "Pangu ni kwenye wavu wa kona ya pili."

Generosa alifika Crayfold kwa ajali, ingawa kwenye habari hii neno hilo litumike kwa uangalifu. Miaka mitatu iliyopita reli ilikuwa katika matengenezo, naye akapangiwa kuendesha basi la kubeba abiria badala ya treni. Alipofika mwisho wa safari aliambiwa asubiri hadi zamu ya kurudi. Akiwa anakula kiporo chake cha ndizi kituoni, akasikia vyuma vikigongana nyuma ya ukuta, kishindo baada ya kishindo, na watu wakipiga kelele.

Alifanya alichofundishwa. Alichukua sanduku la huduma ya kwanza, akakimbia mpaka langoni na kumuuliza mlinzi kama kuna majeruhi.

"Bado," mlinzi akamjibu, na kumuuliza kama anataka tiketi.

Aliingia akiwa na sare yake ya kazi na sanduku mkononi. Aliyoyaona anayasimulia hadi leo kwa kusimama. Magari yenye mabampa ya chuma kama vyuma vya dirishani yalikuwa yanakimbizana kwenye tope. Moja likagongwa kwa nyuma, likazunguka mara mbili na kutulia likiangalia lilikotoka. Dereva wake akachomoka, akavua helmeti na kumfuata aliyemgonga huku akifoka.

"Mshenzi mkubwa wewe! Nitakukomesha! Huna haya, huna adabu!"

Kiswahili. Safi kabisa, tena cha Mwanza.

"Nilitazama nyuma yangu, nikadhani anayetukana ni mtu mwingine," anasema Generosa, akijifuta machozi ya kicheko. "Kumbe ni Mhindi, ana sharubu, tope mpaka masikioni. Sikujua nifanye nini. Nikapiga vigelegele."

Mwenye sharubu alisimama katikati ya njia kana kwamba ameitwa jina. Anaitwa Hemant, fundi wa magari mwenye gereji ndogo Walthamstow. Mama yake, marehemu Geeta, alizaliwa Mwanza na kuhamia Uingereza akiwa msichana.

"Mama alisema nasi Kigujarati siku zote," anasimulia Hemant kwa Kiingereza. "Kiswahili alikitoa akikasirika. Kwa hiyo mimi najua kugomba tu. Ukiniambia nikuombe chumvi kwa Kiswahili, siwezi. Ukiniambia nikufukuze nyumbani kwangu, naweza vizuri sana."

Tangu siku hiyo gari la Hemant, namba 74, likapata shabiki. Halikuwa gari la kujivunia. Hemant alikuwa akimaliza wa mwisho, au wa mwisho kasoro mmoja, na siku nyingine alimalizia juu ya lori la kuvutia magari mabovu. Generosa alimshangilia hata akiwa juu ya lori.

Vituko vyake pale wavuni vinajulikana uwanja mzima. Kuna Jumapili aliyofungua bakuli la pilau wakati magari yanakata kona. Tope likaruka juu ya wavu na kulijaza bakuli pomoni. Alilitazama, akaondoa tabaka la juu kwa kijiko, akaendelea kula. Wazungu waliokuwa karibu naye walimpigia makofi.

Kuna siku bampa la namba 74 liling'oka, likapita juu ya wavu na kuangukia miguuni pake. Hemant akamwambia alichukue, halina kazi tena. Alirudi nalo nyumbani kwa treni, amelilaza mapajani mithili ya mtoto mchanga, na bwana mmoja akasimama kumpisha akae vizuri. Sasa bampa hilo limetundikwa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Mama yake, aliyeko Muleba, aliwahi kuonyeshwa mbio hizo kwa simu. Alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hawa watu hawana ndugu wa kuwaamua?"

Si wote wanaocheka. Wapo wanajumuiya wenzake wa kanisani waliomwambia kwamba Jumapili si siku ya kushangilia ajali. Jibu lake ni kwamba huwa anasali misa ya kwanza, na kwamba kule uwanjani husali zaidi kuliko wao, kwa sababu yeye ana mtu wa kumwombea. Binti yake, Angel, mwenye miaka kumi na tisa, aliyezaliwa London na anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, amekwenda naye mara kadhaa na kusimama hatua chache mbali, kama vile hawajuani.

"Akinisikia napiga vigelegele anafunika uso," anasema mama yake. "Ananiambia, 'Oh my days, Mum.' Basi."

Hata walinzi wamehangaika na sauti hiyo. Uwanja unakataza filimbi na matarumbeta kwa sababu majirani hulalamika, na mlinzi mmoja mgeni aliwahi kuupekua mkoba wa Generosa mara mbili akiitafuta filimbi. Alipoikosa akamwomba afungue mdomo. Generosa akaufungua, na vigelegele vikatoka hapo hapo, puani mwa mlinzi.

Kisha ikaja Jumapili ya kanga.

Ilikuwa mzunguko wa mwisho. Magari matano ya mbele yalikuwa yamegongana na kubaki pembeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, namba 74 lilikuwa linaongoza. Hemant alikuwa anakuja kona ya pili peke yake, njia nyeupe mbele yake. Generosa alipandwa na furaha. Akaivua kanga mabegani, akapanda juu ya kiti na kuipeperusha juu ya wavu kwa nguvu zake zote.

Kanga ilikuwa nyekundu, na katika mbio hizo bendera nyekundu ina maana moja tu: simama.

Hemant, mtu mtiifu, akakanyaga breki. Waliomfuata wakakanyaga, wengine wakamkanyaga yeye. Mbio zikafutwa na kurudiwa, na gari namba 74 likagoma kuwaka.

"Niliua ushindi wa pekee wa ndugu yangu kwa mikono yangu," anasema Generosa, na hapa hacheki. "Nililia kwenye treni. Wiki nzima hakunipigia simu. Kosa hilo ni langu, nimelikiri mbele ya kila mtu. Lakini wao hawakunifungia kwa kosa hilo tu. Walisema mimi kwa ujumla nimezidi."

Jumapili, saa sita mchana, kamati inakaa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya jukwaa. Kuna wazee watatu na birika la chai. Generosa ameingia na kanga yake mabegani, ameivaa makusudi. Angel yuko pembeni. Hemant amekuja pia, helmeti kwapani, kumtetea aliyemnyima kombe.

Mwenyekiti ni mtu mpole, na si mwepesi wa kugombana. Anasema wako tayari kumrudisha kwa masharti: asilete tena kitambaa, akae jukwaa la mbali na njia, na aache kabisa ile sauti.

"Mum, just say yes," ananong'ona Angel.

Generosa anajibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kushughulika na abiria wakorofi. Kitambaa chekundu hataleta tena, hilo wana haki nalo. Jukwaa la mbali atakaa, akilazimishwa. Sauti haachi.

"Wiki nzima mji huu unanipigia kelele, na mimi nafunga mdomo kwa sababu nimevaa sare," anawaambia. "Mnataka nije hapa nilipe kiingilio, halafu nifunge mdomo tena? Hapana, mabwana. Hapana kabisa."

Mwenyekiti anakuna kidevu. Kisha anaona maandishi kwenye pindo la kanga na kuuliza yana maana gani, asije mtu akasema uwanja umeruhusu matusi.

Hemant anadakia haraka. "Ni maneno ya ukarimu," anasema. "Yanasema, karibuni wageni."

Pale Generosa angeweza kunyamaza, yakaisha. Lakini anamgeukia Hemant na kumwambia kwa Kiswahili: "Kaka Hemant, usiniuzie maneno. Mwambie kilichoandikwa."

"Dada, nakuomba."

"Mwambie."

Hemant anashusha pumzi, anayasoma kwa sauti na kuyatafsiri, neno kwa neno: SEMENI MCHOKE, MIMI SIBANDUKI.

Mzee mmoja anacheka, halafu anajifanya anakohoa. Mwenyekiti hacheki. Anasema masharti ni masharti, na kwa kuwa mama ameyakataa, leo haingii.

Wakiwa nje ya lango, Generosa anampa Angel tiketi aliyokuwa ameshanunua. "Nenda umwangalie Hemant," anamwambia. "Hela ya watu isipotee." Yeye anakaa kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya ukuta, mahali pale pale alipokula ndizi miaka mitatu iliyopita. Kutoka hapo haoni chochote. Anasikia injini, anainamisha kichwa, na anaweza kutambua lipi ni 74 kwa jinsi linavyokohoa.

Mbio za tatu, gari moja linapinduka. Bendera nyekundu inatoka, safari hii ya kweli. Injini zote zinazimwa ili dereva atolewe. Anatoka mzima na kupunga mkono, watu wanapiga makofi, kisha panakuwa kimya.

Generosa anasimama juu ya benchi, anavuta pumzi na kupiga vigelegele, virefu, mpaka njiwa wanaruka kwenye paa la kituo.

Anatega sikio.

Halafu, ndani ya ukuta, kwenye kona ya pili, vinaitikiwa. Ni sauti moja, changa, inatetemeka mwanzoni, kisha inakaza na kupanda juu. Hakuna mtu mwingine uwanjani mwenye ulimi huo. Generosa anashuka kwenye benchi na kukaa, mkono kifuani.

Baada ya hapo hakuna wa kuzuia. Jukwaa zima linajaribu. Wanawake wa Kiingereza, wanaume wenye matumbo ya bia, watoto, kila mmoja anavyoweza, na hawawezi. Ukisikiliza ungedhani mbuzi mia wamefungiwa kwenye kontena.

Dakika chache baadaye mwenyekiti anatoka langoni, uso umemwiva, na kumfuata Generosa kituoni. Anamwomba awaambie wanyamaze. Mbio zinataka kuanza na hakuna anayesikia kipaza sauti.

"Mimi?" Generosa anauliza. "Mimi si mtu wa humo ndani. Umesema mwenyewe, saa sita."

Mwenyekiti anatazama barabara, anatazama lango. Anamwambia basi aingie.

"Kwa masharti gani?"

"Ingia tu, mama."

Aliingia na kanga yake akiwa ameikunja chini ya kwapa, kwa heshima ya bendera. Hakumnyamazisha mtu. Alisimama wavuni akawaonyesha ulimi unavyochezeshwa, na kufikia mbio za mwisho wawili watatu walikuwa wamekaribia. Namba 74 lilimaliza la mwisho kasoro moja.

Kwa sasa Generosa anajiandaa kwa msimu ujao. Ameshamwagiza dada yake aliyeko Dar es Salaam kanga mpya, na uchaguzi wa rangi umemsumbua. Nyekundu ni simama, kijani ni ondoka, njano ni hatari, nyeusi ni kufukuzwa. Nyeupe haitamaliza siku na lile tope. Imebaki zambarau, rangi ya Kwaresima, na hiyo ndiyo ameichukua. Maneno hayabadiliki. Ameagiza doti moja, ambayo ni vipande viwili, kwa sababu kuna mtu ameomba cha pili.

"Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza tangu ana miaka minne," anasema, huku akivaa koti la sare kwa zamu ya mchana. "Nilishakubali. Nikajisemea, ndiyo nchi yake. Lakini Jumapili nilimwita kutoka nje ya ukuta, mwandishi, na wewe ulikuwapo. Ulisikia alivyoniitika."