Miraba ya Maji ya Galu

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe sikucheka. Bendera yetu ilikuwa ingali mpya, nami nilikuwa msichana wa hesabu katika ofisi ya maji, Kwale. Leo kompyuta yako hukuonyesha maji yanavyopenya mchangani kabla hujamaliza kikombe cha chai. Sisi tulifanya kwa penseli.

Mkubwa wangu, Bwana Mwakoyo, alichora ardhi ya Galu kwenye karatasi pana yenye miraba mingi: huku mchanga, huku mawe, kule bahari. Kila mraba niliuandikia namba ya kimo cha maji, wastani wa namba za miraba minne jirani. Nikimaliza, narudia tangu mwanzo, mpaka namba zitulie. Hapo ndipo tungejua kama pampu ya kisima kilichopangwa kuchimbwa pale ingevuta maji ya chumvi ya bahari.

Wiki ya pili palikuwa na harusi ya rafiki yangu Msambweni. Namba za upande wa bahari zilikuwa bado zinabadilika. Nikaziacha zilivyo, nikasema, "Tayari, Bwana."

Kisima kikachimbwa. Pampu ikavuta mwezi mzima, kisha wenyeji wakatualika chai. Shangazi yangu Mwanasha ndiye aliyemimina. Bwana Mwakoyo akapiga funda moja, akachungulia ndani ya kikombe.

"Sukari nimetia, wallahi," shangazi akasema. "Chumvi mmeleta nyinyi!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikasema palepale, "Bwana, zile namba za upande wa bahari sikuzimaliza. Niliwahi harusi."

Akaweka kikombe chini. "Mimi hukunidanganya, Mwanaidi. Maji kwangu yapo. Umewadanganya hawa wanaochota. Kesho anza mraba wa kwanza."

Nikaanza. Kila nilipopita Galu waliniita Binti Chumvi, tena kwa furaha. Safari hii namba zilitulia zenyewe, zikatuambia: tusogee bara, tuvute polepole. Wakachimba tena, na maji yakatoka matamu, yakabaki matamu.

Basi, mwanangu, mashine yako ina mbio, lakini haijui kama wewe uliyeilisha namba umechoka. Hesabu isiyokwisha usiiite jibu. Ukikosea, sema mapema, hata mbele ya watu. Kicheko chao hakiui. Na kabla hujaweka kalamu chini, mfikirie anayekuja na ndoo.

Mwenyezi Mungu akupe subira na macho mazuri, na kazi ya mikono yako iwanyweshe watu usiowajua. Amin.