Mkataba Haukuwa Mwethya

Siku ile tulipokubaliana, mwanangu, naikumbuka kwa kicheko chake. Tulicheka sana. Laiti ningenyamaza na kunywa chai yangu kama watu wengine, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia, na hilo lingenifaa zaidi.

Ilikuwa Migwani, miaka ya sabini, na mimi nilikuwa kapteni wa timu. Timu yenyewe ilikuwa ya Mzee Munyoki, mfanyabiashara wa malori aliyependa mpira kuliko alivyopenda hayo malori. Alitulipa mishahara hasa, si nauli na soda kama timu za jirani. Ila alikuwa na sheria moja. Kila mwaka ulipoanza, alitenga fungu la mishahara ya wachezaji wote, na fungu hilo halikuongezwa kamwe. "Hata ng'ombe wangu wote wakizaa mapacha," alikuwa akisema, "pesa ya mpira ni hiyo tu. Gawaneni."

Tulikuwa na mshambuliaji aliyeitwa Kioko, kijana wa kijiji cha Tulia, na mguu wake wa kushoto uliwanyima makipa usingizi. Timu kubwa za Nairobi zikaanza kumnyemelea. Mzee Munyoki, kwa hofu ya kumpoteza, akamsainisha mkataba wa miaka mitatu, mshahara mnono, tena unaopanda kila mwaka. Kisha akaniita dukani kwake. Fungu ni lile lile, akaniambia, kwa hivyo ninyi wengine mtapunguziwa. Nenda ukaongee na vijana.

Nikaongea nao. Mungu anisamehe, niliongea vizuri mno.

Unajua kwetu Ukambani mtu mwenye shamba kubwa huita mwethya. Majirani huja na majembe yao, wakalima bila malipo, kwa sababu kesho watalima kwa mwingine na siku moja watalima kwako. Kila mtu ana zamu yake. Nilikulia katika mambo hayo. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kikundi chao. Basi nilipoambiwa Kioko atapewa nyingi na sisi kidogo, kichwa changu kilielewa kwa njia hiyo tu.

"Mwaka huu tunalimia Kioko," nikawaambia vijana, yeye mwenyewe akiwa amekwenda kwao Tulia. "Mwaka ujao tunalimia Muli, kwa sababu mkataba wake utakuwa umeisha. Halafu mwingine. Hii ni mwethya, jamani!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama ataruhusiwa kuingia uwanjani na jembe la mama yake. Wote wakakubali kupunguziwa.

Huyo Muli alikuwa kipa wetu, na rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Haukupita muda, timu moja ya Mombasa ikamtaka. Akaja kwangu nyumbani.

"Kapteni, niende ama nikae? Hawa watu wa Mombasa hawana mchezo."

"Kaa," nikamwambia. "Mwaka ujao ni zamu yako."

Akakaa. Hakunitaka hata niape.

Kocha wetu, Mwalimu Nzuki, mzee wa kanisa, mpole kupita kiasi, alisikia habari hizo, akanivuta kando baada ya mazoezi. "Kilonzo," akasema, "umeuliza Kioko kama anajua kuna zamu? Na mshahara yake ikipanda, hiyo ya Muli itatoka wapi?" Nikamjibu kwamba Kioko ni Mkamba kama sisi, haya mambo hayahitaji kuulizwa. Moyoni nikasema mzee huyu kazi yake ni kukatisha watu tamaa. Ujana ni kitu kibaya ukiwa na kitambaa cha ukapteni mkononi.

Mwaka ukaisha. Mshahara wa Kioko ukapanda kama walivyoandikiana, fungu likabaki pale pale. Mkataba wa Muli ulipokwisha, Mzee Munyoki akatazama kilichobaki, akaona kinatosha kumlipa kipa wa bei rahisi tu. Nikamkimbilia kumtetea rafiki yangu.

"Zamu gani?" akaniuliza, ameshangaa kweli. "Mimi nilisaini na Kioko. Sikusaini na mwethya."

Nikaenda kwa Kioko. Naye, kijana wa watu, akaniangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Kapteni, mimi niliambiwa hiyo mshahara ni yangu. Hakuna mtu aliniambia ni ya kuzungusha. Nimeshaanza kumjengea mama nyumba."

Hakuwa na kosa hata kidogo. Lakini wenzangu, kwa uchungu, wakaacha kumpa pasi, wakamwita mwizi, na timu ikaharibika mbele ya macho yangu. Nilimdhulumu Muli, nikamdhulumu na Kioko, kwa maneno yale yale. Mombasa nako walikuwa wamepata kipa mwingine zamani.

Muli akaishia kule Kiboko, njia ya Mombasa, akipakia magunia kwenye malori ya barabara kuu. Niliona aibu, nikakaa miaka bila kumtembelea. Siku nilipokwenda nilikuwa nimejitayarisha njia nzima, maneno yote yako tayari. Mkewe akatuletea chai. Tukaongea habari za mvua, na mbaazi, na watoto. Nilingoja aniulize zamu yake iko wapi. Hakuniuliza, na mimi kwa woga sikuanza. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akasema nisalimie nyumbani. Alifariki kabla sijarudi tena. Nilimpenda sana yule mtu, na sikumwambia pole.

Kwa hivyo nisikilize, mwanangu. Fungu likiwa moja, anachoongezwa mmoja kimetoka kwa mwingine, na usikubali mpaka ujue ni nani huyo na ni kwa miaka mingapi. Usimwahidi mtu kitu kilicho mkononi mwa mwingine. Nenda kwanza kwa mwenye mkono, umuulize. Na ukishamkosea rafiki, usingoje akuulize. Wengine ni waungwana mno, hawatakuuliza.

Mungu akubariki, akupe kazi yenye malipo ya haki. Akupe na ujasiri wa kusema pole mapema, chai ikiwa bado ya moto na mwenye nyumba bado yuko.