Meno ya Kimeli

Ndugu yangu Kimeli alikuwa mkulima wa chai huku Boito, mtu wa kucheka kwa sauti. Ufizi wake ulitoka damu miaka mingi. Mama alimfundisha kuusugua kwa unga wa yale makaa ya kusafishia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na hakuacha hata alipokuwa baba ya watu. Weusi wa makaa ukaficha uozo, nasi tukadhani anajitibu.

Mwaka wa tisini na sita akaanza kupata homa kila jioni, anatoka jasho, anachoka kabla kikapu hakijajaa. Nikampeleka hospitali. Daktari akasikiliza kifua, kisha akamwambia afungue mdomo. Nikashangaa; tumeleta homa, yeye anaangalia meno. Akatueleza polepole. Homa ya viungo aliyougua Kimeli utotoni iliacha kasoro kwenye mlango wa moyo. Sasa vijidudu vya ufizi vinaingia kwenye damu, na huenda vimeshakaa pale. Alazwe leo, adungwe dawa, halafu meno manne yang'olewe.

Kimeli angekubali. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya koito, wageni watoke Kaplong kuongea mahari ya binti yake Cheptoo. Mzee Johana, ndugu ya baba yetu, akakataa katakata.

"Baba ya msichana apokee wageni akiwa kibogoyo? Moyo uko kifuani, meno yako mdomoni. Ataenda baadaye."

Nikamwambia, "Baba, daktari amesema asingoje."

Akanijibu kwamba wanawake hawapangi koito. Hasira ya siku hiyo bado ninayo, na sitaki initoke.

Jumamosi Kimeli akavaa koti, akacheka na wageni, akashika kikombe cha mursik huku jasho likimtoka. Ng'ombe wakakubaliwa. Jumatatu upande mmoja wa mwili ukapooza. Daktari alisema uchafu ulibanduka kwenye moyo ukaziba mshipa wa kichwa. Kimeli hakurudi nyumbani.

Kwenye mazishi wengine walisema ni malaria, wengine wakasema ni jicho baya. Johana alikuwa ameketi karibu na sufuria, sahani yake imejaa nyama. Akaniita, akasema kwa sauti ya kunifariji, "Sally, angalau tumemzika na meno yake yote."

Nikaichukua sahani mikononi mwake, nikammwagia mbwa ile nyama. Wazee wakaendelea kula.