Mwendesha toleka aliyemwitikia mfalme

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mto, Osée anafuta kiti cha nyuma cha toleka yake. Toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, na hapa Kisangani ingali na wateja wake ijapokuwa pikipiki zimejaa kila kona. Kiti cha leo kina sponji mpya, ameishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Mama mmoja anayekwenda Mangobo anataka kupanda. Osée anamwomba radhi.

"Leo niko na mutu yangu," anamwambia, macho yakiwa bandarini.

Mtu huyo ni baba yake, mzee Sébastien, mvuvi wa Yanonge, anayekuja kwa mtumbwi wa injini kutibiwa macho. Baba na mwana hawajazungumza la maana tangu Osée alipoacha nyavu akaja mjini. Siku ile mzee alisema kwamba mtoto wa mto anayekimbilia chuma si wake tena. Osée amerudi nyumbani mara kadhaa baada ya hapo. Kila wakikaa uso kwa uso, mzee huuliza habari za barabara, mwana huuliza habari za maji, kisha wote wawili hutazama kuku.

Aliyemfungua macho Osée, ukitaka kucheka cheka, ni mfalme wa Kiingereza.

Kila Jumamosi humpeleka mama Annette, muuza vitenge aliyetoka Butembo, kwenye ukumbi wa parokia. Huko mama Annette na wenzake husoma tamthilia za kale za Kiingereza, zile za mashairi mwanzo hadi mwisho, katika tafsiri ya Kifaransa. Wakimaliza, kila mmoja hueleza kwa Kiswahili zimemgusa wapi. Osée alizoea kungoja nje. Siku moja mvua ikamwingiza ndani, akakaa benchi la mwisho akichuruzika maji.

Papa Faustin, mwalimu mstaafu, alikuwa akisoma maneno ya mfalme aliyemfukuza mwanawe wa pekee. Mfalme amebaki peke yake ikuluni, naye anaongea. Anaongea hasa, mstari juu ya mstari, na hakuna anayemjibu. Osée akatazama huku na huku. Watu wazima wote wale wametulia tuli, mzee wa watu anahangaika na moyo wake. Basi akaitikia yeye.

"Ee, papa. Minakusikia. Ongea tu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na nani asingecheka? Lakini muulize mwendesha toleka yeyote. Abiria aliye nyuma haoni uso wa dereva, wala dereva haoni wake, na hapo ndipo watu humwaga yaliyowajaa kifuani: ndoa, misiba, watoto waliopotea. Kazi ya dereva ni kukanyaga na kuitikia, bila kugeuka. Akinyamaza, abiria huona amedharauliwa.

"Mutu akiongea nyuma yangu, minaitika. Sikuwaza kama iko théâtre," anasema Osée. "Alafu ule mufalme, bon, alikuwa anatafuta mutu wa kumuitikia. Njo vile nilisikia."

Papa Faustin hakucheka. Alimwita mbele, akamkalisha kiti cha kwanza, Osée akimpa mgongo kama dereva, akayasoma maneno yale upya, taratibu, akingoja "ee" yake kila penye pumzi. Mama Annette anasema miaka yote alimwona mfalme yule mtu wa majivuno. Siku hiyo akatambua kwamba ana haya tu, na kwamba hawezi kuomba msamaha akitazamwa usoni.

Osée alilia mbele ya wote, wala hakusingizia mvua.

"Niliwaza papa yangu," anasema. "Minaenda kule, minakaa mbele yake, minamungojea aseme. Kumbe uso yangu njo ilikuwa inamufunga kinywa."

Ndiyo maana ya sponji mpya. Hospitali iko karibu na bandari, hata kwa mguu mtu hufika. Lakini Osée amepanga kupitia Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, aende polepole, mzee apate kusikia maji na kukaa nyuma ya mgongo wa mwanawe muda wa kutosha. Hatauliza kitu. Yaliyopita si ndwele, anasema, lakini lazima mtu apewe nafasi ya kuyatua.

Mtumbwi unafika. Mzee Sébastien anapapasa kiti, anagutuka vidole vikigusa ule uzi wa nyavu, kisha anapanda. Wanapita soko, wanapita kanisa. Osée anakanyaga, jasho linamtoka, masikio yake yako nyuma.

Kabla ya Wagenia, sauti inatoka nyuma, ndogo, ya mtu anayejaribu maji kwa mguu.

"Osée. Siku ile nilikufukuza..."

Osée anapunguza mwendo. Hageuki.

"Ee, papa," anaitikia. "Minakusikia."