Mate yangu niliyagombania: mionzi ya 3D au IMRT

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na jirani. Asiyeamini apite zake, sina ugomvi naye.

Mimi ni mwanamke wa Mkunazini, mshona kofia za viua, zile za vitundu vya kutarizi. Kazi yangu ni sindano, uzi na mate. Ndiyo, mate. Ncha ya uzi usipoilowesha kwa ulimi haipiti tunduni.

Ilianza kwa sikio kuziba, kisha uvimbe shingoni. Nyumbani wakasema mafindofindo, nikasukutua maji ya chumvi weee. Kipimo cha nyama kikasema saratani, nyuma ya pua.

Nikapewa rufaa ya Dar. Nikaenda na kaka yangu, Haji.

Kwenye benchi la hospitali nilikaa na Mzee Vuai wa Bwejuu. Yeye alimaliza mionzi zamani, alikuja kuangaliwa tu. Saratani hana, mashallah. Lakini chupa ya maji haimtoki mkononi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mate yameungua, mwanangu. Tende ya futari haishuki mpaka niisukume kwa maji. Mie nafunga, lakini kinywa hakijafuturu tokea hapo."

Nikaogopa kuliko nilivyoogopa jina la ugonjwa.

Tulipoingia, daktari akaanza kumweleza Haji. Mgonjwa mimi, anatazamwa Haji!

Akasema njia ni mbili. Ya 3D, mionzi inatoka pande chache na kufuata umbo la uvimbe, ila tezi za mate zilizo jirani huchomwa humo humo. Ya IMRT, kompyuta inaigawa mionzi vipande vidogo vya nguvu tofauti: penye uvimbe inakolea, penye tezi inapunguzwa. Njia zote mbili zinaipiga saratani. Lakini IMRT kuipanga ni kazi, na foleni yake ndefu.

"Mtie hiyo ya mapema, dokta," Haji akasema. "Mionzi si mionzi tu?"

Damu ikanichemka.

"Dokta, shingo hii yangu. Nitizame mimi. Nikingojea hiyo ya pili, maradhi hayatanizidi?"

Akarudi kwenye picha zangu. Akasema kwa hali yangu kungojea kidogo kunavumilika, ila si kila mgonjwa angemwambia hivyo.

"Basi nnangojea."

"Mgonjwa hachagui!" Haji akaruka. "Roho kwanza, mate baadae."

"Roho iko kwa Mungu, kaka. Mate ntayagombania mwenyewe."

Kwenye boti ya kurudi kisiwani akenda kukaa kiti cha mbele peke yake.

Sitawadanganya, kungojea kulinitesa. Kila asubuhi naupapasa uvimbe, nikijiuliza kama ukaidi wangu ndio utakaoniua.

Zamu ikafika. Unafinyangiwa kinyago cha plastiki usoni kingali cha moto, halafu kinabanwa kitandani usitikisike. Nilisoma kila dua ninayoijua.

Na msidanganywe, IMRT si asali. Vidonda vya mdomo nilivipata, shingo ikaungua, ladha ikapotea, mate yakawa ute mzito. Haji aliniuguza bila kuchoka, ila kila nikiguna ananitupia jicho la "nilikwambia". Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Miezi ikapita. Picha zikatoka safi. Mate yakaanza kurudi taratibu, si yote, lakini uzi unapita tunduni.

Ramadhani hii Haji alifuturu kwangu. Adhana ilipotoka nikachukua tende, gilasi ya maji nikaisogeza upande wake. Nikatafuna, nikameza.

Akanitazama koo mpaka tende ikashuka. Kisha akanisukumia sahani.

"Kula nyengine. Nnataka kuona vizuri."

Wakuu, sisemi kila mtu angojee IMRT. Mzee Vuai yuko hai kwa mionzi ya kizamani, na kwa mwengine kuchelewa ni hatari. Ninachosema: muulize daktari wako tezi zako za mate zitaponaje, na ukingojea itakuwaje. Uliza kwa mdomo wako, si wa kaka.

Mliolala chini ya kinyago, tupeni yenu. Na nyie wa "mgonjwa hachagui" karibuni pia. Mate ya kuwajibia ninayo.