Malipizi ya Mama Maswali

Tangu utoto mimi ni mtu wa kuulizauliza. Hapa Usevya mwanamke akipita na kuku kwapani, lazima nijue anampeleka wapi. Kwenye jumuiya yetu ya kusali wananiita Mama Maswali, na hawanisifii. Basi kwenye mafungo ya Kwaresima padri alipotaka kila mtu atafakari Mungu amemwitia nini, niliona aibu. Wenzangu wana sauti za kwaya, wengine wanauguza wagonjwa. Mimi nina umbea tu. Nikaenda kuungama.

Padri akacheka kidogo. "Malipizi yako, mama: muulize mtu mmoja, halafu usiondoke mpaka amalize kujibu."

Jamani, heri angenipa rozari tano.

Nikamchagua jirani yangu, mama wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe. Tangu mavuno alikuwa haonekani jumuiya. Tulisema anaringa, na mimi niliongeza chumvi. Sasa viongozi walitaka kumfuta kwenye daftari, na bila jumuiya kumtambua, kichanga chake hakibatizwi.

Nilimkuta anapepeta mchele.

"Mwenzangu, mbona umetupotea?"

"Kazi tu."

Siku nyingine ningeondoka na hiyo "kazi tu" nikajitungie mengine njiani. Nikachukua ungo, nikakaa. Tukapepeta pamoja. Maswali yalinijaa mdomoni, nikaendelea kupepeta.

Debe lilikaribia kujaa aliposema, "Zamu ya jumuiya kusali kwangu imekaribia. Mwenye nyumba ndiye anasoma Injili. Mimi kusoma sijui." Akapepeta tena. "Na wewe huwa unanicheka Kiswahili changu."

Ilikuwa kweli. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimekuja kumchunguza yeye.

Nikamwomba msamaha, kisha nikawaomba viongozi wasubiri zamu yake. Kila jioni nilimsomea Injili ile sentensi moja moja, naye akairudia huku tukipepeta. Zamu ilipofika aliitamka yote kwa moyo, macho amefumba, kwa lafudhi ya kwao. Hakuna aliyecheka. Jina lake likabaki.

Siku hizi mtu asipoonekana wananituma mimi. Naenda na swali moja.

Wiki ya ubatizo yule jirani alikuja kwangu, akanikabidhi mtoto mikononi. "Wewe ndiye utamsimamia," akasema.

Nilitaka sana kumuuliza kwa nini mimi. Nikampakata mtoto, nikasubiri mama yake amalize kusema.