Dorothée Hatoki Darasani

Dorothée alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Gety hadi vita vilipomleta Bunia. Bunduki ziliponyamaza kidogo, alijiandikisha katika kituo cha kompyuta ili ajifunze kuandika programu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, kompyuta tatu, na jenereta iliwaka saa chache tu. Kila mmoja aliandika programu yake kwanza kwenye daftari, kisha akangoja zamu yake ya dakika kumi kwenye mashine.

Siku ya kwanza, mwalimu Ézéchiel alitangaza kwamba wote wataanza na lugha ya programu iitwayo Java, na zoezi la kwanza ni jedwali la kuzidisha kwa saba.

"Mimi nachagua Python," Dorothée akasema.

"Mama, ile iko ya watoto! Java ndiyo ya ma-ingénieur, ya wahandisi."

"Java yako inakula mistari tano mbele ya kusema bonjour. Mimi niko na dakika kumi tu."

Darasa likacheka. Ézéchiel hakucheka.

"Mwenye hataki Java, atoke."

"Nilishatoka Gety, nikatoka kwa kambi ya wakimbizi. Hapa sitoki."

Zamu yake ilipofika aliketi, akanakili kutoka daftarini mistari miwili tu. Jedwali la saba likashuka kwenye kioo, kuanzia saba hadi sabini, bila kosa. Wanafunzi wengine wakaanza kuhesabu mistari ya Java kwenye daftari zao.

Dakika sita zilikuwa zimebaki. Ézéchiel alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Haya, mwalimu," Dorothée akasema bila kugeuka. "Somo ya pili iko wapi?"